HISTORIA: Walioishinda kazino kwa kuhesabu karata, na kwa nini mbinu yao haifanyi kazi kwenye pari za simu

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1961, mwalimu kijana wa hesabu, jina lake Edward Thorp, alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu mjini Washington, Marekani. Aliwaeleza kwamba mchezo wa karata unaoitwa blackjack, ambao kazino zilikuwa zinautegemea kwa faida, unaweza kumpa faida mchezaji. Hakuhitaji dawa, wala karata zenye alama, wala kumhonga mtu. Alichotumia ni kukumbuka karata ambazo zimekwisha kutoka na kufanya hesabu.

Magazeti yalimwandama siku hiyo hiyo, na barua zikaanza kumiminika ofisini kwake. Tangu hapo kuhesabu karata kumekuwa na historia ndefu, yenye maprofesa, wanafunzi, mahakama na mamilioni ya dola.

Historia hiyo inawahusu pia watu wa mashariki mwa Kongo. Katika miji na katika makazi ya wahami wa vita, ambako kazi ni chache na siku ni ndefu, vijana wengi wanacheza pari kwa simu. Wanakutana na watu wanaowaambia kwamba kuna "formule", kwamba wapo wazungu waliozishinda kazino kwa hesabu, na kwamba kwa franga kidogo siri hiyo inauzwa. Ni kweli kwamba wapo walioshinda. Lakini anayeuza siri haelezi walishindaje, walianza na pesa ngapi, na kazino ziliwajibu namna gani.

Mchezo wenyewe

Blackjack ni mchezo wa zamani. Mwandishi Mhispania Miguel de Cervantes aliutaja mchezo wa ishirini na moja katika hadithi yake iliyochapishwa mwaka wa 1613. Wafaransa waliuita vingt-et-un, na kwa jina hilo ulivuka bahari hadi Marekani. Jimbo la Nevada liliporuhusu michezo ya pesa mwaka wa 1931, ukaingia rasmi katika kazino za Reno na Las Vegas.

Sheria zake ni rahisi. Kila mchezaji anashindana na mgawaji wa kazino, si na wachezaji wenzake. Anapewa karata mbili, kisha anaweza kuongeza nyingine. Karata za namba zinahesabiwa kwa namba zake, zile za picha (mfalme, malkia na askari) ni 10 kila moja, na karata ya asi ni 1 au 11. Anayekaribia 21 kuliko mwenzake ndiye mshindi. Anayepita 21 amepoteza.

Faida ya kazino inatoka katika jambo moja dogo: mchezaji ndiye anayecheza kwanza. Akipita 21, pesa yake inachukuliwa papo hapo, hata kama baadaye mgawaji naye atapita 21. Kwa upande mwingine, mgawaji hana hiari. Akiwa na 16 au chini yake, sheria inamlazimisha aongeze karata. Akifika 17, anasimama. Na mchezaji akipata asi pamoja na karata ya 10 mara tu anapogawiwa, analipwa zaidi: kwa sheria ya zamani, aliyeweka dola 10 alipata faida ya dola 15.

Askari wanne na mashine za kujumlisha

Wa kwanza kuupima mchezo huu kwa hesabu kamili hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa vijana wanne waliokuwa wakitumikia jeshi la Marekani kwenye kituo cha Aberdeen, jimbo la Maryland: Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Walikuwa wamesoma hesabu, na baada ya saa za kazi walitumia mashine za mezani za kujumlisha kutafuta jibu la swali moja: kwa kila karata alizonazo mchezaji, na kwa kila karata ambayo mgawaji ameionyesha, lipi ni jambo la busara kufanya?

Mwaka wa 1956 walichapisha majibu yao katika jarida la takwimu la Marekani. Walionyesha kwamba mchezaji anayefuata jedwali lao bila kukosea angepoteza kwa wastani chini ya dola 1 kwa kila dola 100 anazoweka. Huo haukuwa ushindi bado, kwani kazino iliendelea kuwa na faida. Lakini hakuna aliyekuwa amejua kwamba faida hiyo inaweza kupunguzwa kiasi hicho.

Miaka miwili baadaye, jedwali hilo lilifika mikononi mwa Thorp. Yeye na mke wake walikuwa wakienda Las Vegas kwa mapumziko ya Noeli, naye akaliandika kwenye kipande kidogo cha karatasi. Alikaa mezani na dola 10, akapoteza dola 8 na nusu. Wengine mezani walimcheka kwa kuchungulia karatasi yake. Lakini alirudi nyumbani na wazo lililomkaa kichwani.

Karata zina kumbukumbu

Wazo hilo ndilo msingi wa kuhesabu karata. Ukirusha sarafu juu mara kumi, kurusha kwa kumi na moja hakujui yaliyotokea kabla. Karata si hivyo. Pakiti ina karata 52, na ndani yake asi ni nne tu. Zikitoka zote nne katika raundi ya kwanza, hakuna asi nyingine mpaka karata zichangwe upya. Kwa hiyo kila karata inayotoka inabadilisha thamani ya zile zilizobaki.

Askari wa Aberdeen walikuwa wamehesabu kana kwamba pakiti ni kamili daima. Thorp akauliza: itakuwaje pakiti ikipungua? Hesabu hiyo isingewezekana kwa mkono. Alipoanza kufundisha katika chuo cha MIT, alipata kutumia kompyuta ya IBM 704, iliyojaza chumba kizima. Aliiondolea pakiti karata za aina moja moja, akatazama kompyuta inasema nini.

Jibu lilikuwa wazi. Karata ndogo zinamfaa mgawaji, hasa 5. Mgawaji analazimishwa kuongeza karata akiwa na 12 hadi 16, na karata ndogo ndizo zinazomwokoa asipite 21. Karata kubwa zinamfaa mchezaji: zinamwangusha mgawaji, na zinaleta ile asi na 10 inayolipwa zaidi. Karata nne za 5 zikiwa zimetoka zote, faida inahama kutoka kwa kazino kwenda kwa mchezaji, kiasi cha asilimia 3 hivi.

Basi mchezaji hahitaji kujua karata gani inakuja. Anahitaji kujua kama karata zilizobaki ni nyingi kubwa au nyingi ndogo. Zikiwa nyingi ndogo, anaweka pesa kidogo. Zikiwa nyingi kubwa, anaongeza.

Jaribio la dola 10,000

Baada ya mkutano wa Washington, matajiri wawili wa New York walijitolea kumpa Thorp pesa za kujaribu mbinu yake. Walikuwa tayari kutoa dola 100,000. Thorp alikubali 10,000 tu. Mwaka huo huo wa 1961 walikwenda Nevada, na baada ya siku chache za kucheza walikuwa wameongeza takriban dola 11,000 juu ya mtaji wao.

Njia ya kuamua kiasi cha kuweka haikuwa ya kukisia. Claude Shannon, mwanasayansi mkubwa wa MIT aliyemsaidia Thorp kuchapisha utafiti wake, alimwelekeza kwenye kanuni ya John Kelly ya mwaka wa 1956. Kwa maneno mafupi, kanuni hiyo inasema: weka sehemu ndogo ya mtaji wako kulingana na ukubwa wa faida uliyonayo, na kama huna faida, usiweke kitu. Kwa mtu mwenye faida ya asilimia 1, hiyo ni takriban dola 1 katika kila dola 100 alizonazo. Mtu anayeweka pesa yake yote kwa mara moja anakwenda kinyume na kanuni hiyo, hata kama anajua kuhesabu.

Mwaka wa 1962 Thorp alitoa kitabu chake, *Beat the Dealer*. Kilinunuliwa na watu wengi mno, na kazino zikaingiwa na hofu.

Namna watu walivyojifunza

Mbinu za kwanza za Thorp zilikuwa nzito kwa mtu wa kawaida. Mwaka wa 1963 Harvey Dubner, fundi wa kompyuta, alipendekeza iliyo nyepesi zaidi, na Thorp akaiingiza katika kitabu chake kilichorekebishwa mwaka wa 1966. Mpaka leo ndiyo inayojulikana kuliko nyingine.

Karata za 2, 3, 4, 5 na 6 zikitoka, mchezaji anaongeza moja kichwani kwa kila karata. Zile za 10, za picha na asi zikitoka, anapunguza moja. Za 7, 8 na 9 anaziacha. Katika pakiti moja karata ndogo ni 20 na kubwa ni 20, kwa hiyo aliyehesabu zote 52 bila kukosea anamaliza na sifuri. Hicho ndicho kipimo cha mwanafunzi: anafunua pakiti nzima karata moja moja, na lazima amalize na sifuri. Wanaojiandaa kwa kazino wanatakiwa kufanya hivyo kwa nusu dakika au pungufu.

Lakini hiyo ni hatua moja tu. Kabla yake kuna jedwali la askari wa Aberdeen, ambalo mwanafunzi analishika kichwani lote. Baada yake kuna kugawanya. Kama mchezo unatumia pakiti sita, hesabu ya 6 juu ya sifuri haina uzito sawa mwanzoni na mwishoni. Zikibaki pakiti tatu, 6 inagawanywa kwa 3, inakuwa 2. Ikibaki pakiti moja, inabaki 6, na hapo ndipo faida ilipo. Yote hayo mchezaji anayafanya katika kelele, huku watu wanamsemesha, mgawaji anakwenda haraka, na yeye mwenyewe anatabasamu kama mtalii asiyejua kitu. Midomo ikicheza tu, ameshajulikana.

Faida ndogo, mtikisiko mkubwa

Hapa ndipo wengi waliosoma kitabu cha Thorp walipoangukia. Mwenye kuhesabu vizuri anapata faida ya karibu asilimia 1. Tuseme mtu huyo anacheza raundi 100, kila mara dola 10, na kwamba katika raundi zote hizo faida ni yake. Ameweka jumla ya dola 1,000, na faida anayoitarajia ni dola 10. Lakini katika raundi 100, kupanda au kushuka kwa dola 100 na zaidi ni jambo la kawaida kabisa. Anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado arudi nyumbani amepoteza. Faida inaonekana baada ya raundi elfu nyingi, na anayeiona ni yule tu ambaye mtaji wake haukukatika njiani.

Ndiyo maana kuhesabu karata kulikuja kuwa kazi ya makundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Al Francesco wa California alibuni mpango: watu kadhaa wanakaa kwenye meza mbalimbali wakihesabu na kuweka pesa ndogo tu. Meza moja ikiwa nzuri, anayehesabu anatoa ishara, na mwenzao anakuja kama tajiri mlevi, anaweka pesa nyingi. Kwa kuwa tajiri huyo haonekani akihesabu, kazino ilichelewa kugundua. Katika kundi hilo aliingia Ken Uston, aliyekuwa kiongozi katika soko la hisa la San Francisco na ambaye baadaye alijulikana kuliko wote.

Mwaka wa 1980 wanafunzi wa MIT walijiunga na Bill Kaplan, aliyekuwa amesomea biashara chuo cha Harvard. Kaplan aliliendesha kundi kama kampuni. Walianza na dola 89,000 zilizotoka kwa wawekezaji na kwa wachezaji wenyewe. Kila mchezaji alipewa mtihani kabla ya kukabidhiwa pesa, na kila raundi iliandikwa. Ndani ya wiki kumi hivi mtaji uliongezeka maradufu. Habari zao ndizo zilizozaa kitabu cha Ben Mezrich mwaka wa 2002 na filamu *21* mwaka wa 2008. Filamu inaonyesha magari na hoteli, na haikai sana kwenye miezi ya mazoezi na daftari za mahesabu.

Kazino zinajibu

Jibu la kwanza lilikuja tarehe 1 mwezi wa nne mwaka wa 1964. Kazino za Las Vegas zilibadilisha sheria za mchezo ili kumbana mchezaji. Wateja walikasirika, meza zikawa tupu, na baada ya wiki chache sheria za zamani zikarudishwa. Kazino zikajifunza kutobadilisha mambo kwa kelele. Zikaongeza pakiti moja moja: mbili, nne, sita, mpaka nane. Zikachanga karata mapema kabla hazijapungua sana. Zikaajiri wapelelezi na kuweka kamera juu ya kila meza.

Na zikawafukuza watu. Huko Nevada kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai. Kosa, tangu mwaka wa 1985, ni kutumia chombo cha kuhesabia, maana walikuwapo waliofika na kompyuta ndogo zilizofichwa mwilini. Lakini mwenye kazino anaweza kumwambia mteja yeyote asicheze. Ken Uston alipofukuzwa kwenye kazino ya Atlantic City, jimbo la New Jersey, alikwenda mahakamani. Mwaka wa 1982 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilimpa haki: kazino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anacheza kwa akili. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini kazino za huko zikaongeza pakiti na kuchanga karata mapema zaidi. Mlango ulifunguliwa kwa amri ya mahakama, na ndani meza ikawa ngumu kuliko zamani.

Siku hizi ziko mashine zinazochanga karata bila kupumzika: karata zikishatumika, zinarudishwa humo mara moja. Pakiti haipungui, kwa hiyo hakuna la kuhesabu. Na kwenye meza nyingi, asi na 10 hailipwi tena dola 15 kwa 10, bali dola 12. Badiliko hilo peke yake linatosha kuimeza faida yote ya mwenye kuhesabu. Thorp mwenyewe aliachana na kazino mapema. Akahamishia hesabu zake kwenye masoko ya fedha, na utajiri wake ulitoka huko.

Kwa nini hesabu hii haiendi kwenye simu

Nguvu yote ya Thorp ilitoka kwenye pakiti inayopungua. Mchezo ambao haupungui haukumbuki kitu. Tarehe 18 mwezi wa nane mwaka wa 1913, katika kazino ya Monte Carlo, kigurudumu cha roulette kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kuweka pesa kwenye nyekundu wakisema "sasa lazima ije", wakapoteza mamilioni ya franga. Kigurudumu hakikuwa na deni kwao. Mashine za sarafu na michezo ya simu iko hivyo hivyo: kila mara inaanza upya, na kupoteza mara kumi hakuileti karibu ile ya kushinda.

Pari za mpira nazo zina njia yake. Chukua mechi ambayo timu mbili zinalingana kabisa na lazima moja ishinde, na kampuni inatoa kote 1.85. Mmoja anaweka franga 1,000 upande huu, mwingine 1,000 upande ule. Kampuni imepokea 2,000, inamlipa mshindi 1,850, na 150 zinabaki kwake, timu yoyote ishinde. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho si cha mchezaji.

Anayekuja na "formule" ya kuuza anaweza kuulizwa maswali matatu ambayo historia hii inayatoa. La kwanza: mchezo huu unakumbuka yaliyopita, kama pakiti ya karata, au unaanza upya kila mara? La pili: mtaji wa kuvumilia hasara ya wiki nyingi uko wapi, na je, ni pesa ambayo ikipotea watoto watakula? La tatu: nani ana ruhusa ya kubadilisha sheria mchezaji akianza kushinda? Vijana wa MIT waliweza kujibu mawili ya kwanza. La tatu liliwashinda hata wao. Na kama muuzaji ana siri inayoleta pesa kila siku, kuna swali moja zaidi ambalo halihitaji hesabu: kwa nini anahitaji franga za mhami?